Viwavi wa Nyanya: Mjue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa

Huku Nakuru ninakolima nyanya nyuma ya nyumba (tungule, kwa sisi wa Pwani), wengi wakiona jani limeharibika hukimbilia duka la dawa. Nawashauri mumtafute mdudu kwanza. Viwavi wa nyanya hawafanani, na pesa nyingi hupotea kwa dawa isiyomfaa aliyepo.

Sota hukata mche mchanga usiku, karibu na ardhi. Asubuhi fukua udongo kando ya shina. Utamkuta amejikunja, wa kijivu au kahawia. Muokote umuue.

Funza wa matunda hutoboa tundu kubwa la mviringo, mara nyingi kichwa kikiwa ndani na mwili nje. Ana michirizi ubavuni, na akikomaa hufika sentimita 3 hadi 4. Dawa ya bakteria iitwayo Bt humuua akiwa mdogo, kabla hajaingia tundani.

Kantangaze, yaani Tuta absoluta, alitoka Amerika Kusini na kugunduliwa Kenya mwaka 2014. Hazidi sentimita 1. Hula jani kwa ndani, akiacha mabaka meupe yenye vinyesi vyeusi. Tundani huacha vitundu vidogo karibu na kikonyo. Huyu ndiye hatari zaidi, maana dawa nyingi hazimfikii humo ndani, na nyingine ameshazizoea. Chuma majani na matunda aliyoyashambulia, uyachome au uyafukie. Ukiyatupa kando ya bustani, atageuka nondo na kurudi kutaga. Mnavu nao usiupande karibu, kwani huzaliana humo pia.