Ningu na Uzio: Uvuvi wa Majira ya Mafuriko katika Mito ya Ziwa Victoria

Historia ya uvuvi katika Ziwa Victoria, kama ifundishwavyo mara nyingi, huanza na reli na nyavu za kigeni. Tunaambiwa kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kwamba nyavu za kutega zilizofumwa kwa uzi wa kitani ziliingia katika Ghuba ya Kavirondo mwaka 1905, na kwamba tangu hapo uvuvi ukawa biashara. Yaliyotangulia hupewa aya moja tu: watu walivua kwa mitego ya miti na vikapu, basi. Katika makala hii tunakusudia kuirefusha aya hiyo. Mitego hiyo ya miti na vikapu ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na majira yake na taratibu zake, na kufa kwake hakukutokana na udhaifu wake.

Yafaa tuanze na samaki mwenyewe. Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, ni samaki wa magamba, mwenye mwili mnene na midomo minene iliyoelekea chini, ambayo huitumia kukwangua chakula chake juu ya mawe na matope. Si samaki mkubwa. Urefu wake kwa kawaida hauzidi sentimita 40. Hukulia ziwani, lakini ziwani hazai. Wakati wa kuzaa ukifika huyaacha maji mapana akaingia mtoni, akapanda kinyume cha mkondo akitafuta mahali ambapo mto umevunja kingo zake na kufunika majani ya bondeni. Huko, katika maji machache yaliyotanda juu ya nyasi, hutaga mayai. Mayai huanguliwa upesi, na hapana budi iwe hivyo, kwa maana maji yale ni ya kupita. Yakianza kupungua, vifaranga wasiorudi mtoni kwa wakati hukaukia bondeni.

Katika nchi za baridi, kama vile Amerika ya Kaskazini, wako samaki wa mito ambao huanza safari ya kuzaa mara barafu inapoyeyuka na maji kuanza kupata joto. Kwetu hapana barafu, na joto la maji halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachomwita ningu ni mvua. Maji ya kwanza ya masika, yaani kuanzia mwezi Machi, na yale ya vuli mwishoni mwa mwaka, huteremka ziwani yakiwa yamegeuka rangi kwa udongo wa mashambani. Kabla ya hapo samaki hukusanyika kwa wingi mbele ya midomo ya mito wakingoja. Jambo hili la kukusanyika na kungoja msomaji aliweke akilini, kwa sababu ndilo litakaloeleza msiba uliokuja baadaye. Wala ningu hasafiri peke yake. Kuyu, nembe na samaki wengine kadha hupanda mito hiyo hiyo, kila mmoja kwa namna yake, wengine wakienda mbali sana na wengine wakiishia karibu na ziwa.

Mito yenyewe ni mingi. Upande wa magharibi uko Kagera, mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani. Upande wa mashariki iko Mara, Mbalageti na Simiyu katika Tanzania, na Kuja, Sondu, Nyando, Yala na Nzoia katika Kenya. Tutatoa mifano yetu zaidi katika Nzoia, si kwa sababu watu wa huko walikuwa hodari kuliko wengine, bali kwa sababu habari za huko ziliandikwa mapema na kwa uangalifu. Samaki hawakuijua mipaka ya nchi, na waliowavua walikuwa jamaa wa pande zote mbili.

Chombo kikuu cha uvuvi huu kilikuwa uzio, ambao Wajaluo huuita kek. Uzio ulijengwa kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Nguzo za miti zilisimikwa chini ya mto wakati wa kiangazi, maji yakiwa haba. Zikaegemezwa kwa miti mingine ili zistahimili mkondo. Kisha fito na matete yakafumwa katikati kwa namna ambayo maji yaliweza kupita lakini samaki mzima hakuweza. Katika uzio yaliachwa mapengo, na katika kila pengo ukawekwa mgono, yaani mtego mrefu wa fito uliosukwa kama kikapu, wenye mdomo mpana unaozidi kuwa mwembamba kuelekea ndani. Samaki akiingia hupita kwa urahisi. Akitaka kurudi hukuta ncha za fito zinamwelekea. Mgono wa kumkamata apandaye huelekezwa mdomo wake kule mto uendako, na wa kumkamata arudiye ziwani huelekezwa kule mto utokako. Mtu anayedhani kwamba hii ni kazi ya kubahatisha ajaribu kusuka mgono mmoja utakaokaa chini ya maji yaendayo kasi majira mazima bila kufumuka.

Kazi hiyo haikuwezekana kwa mtu mmoja. Kukata miti, kuibeba, kusimama majini siku nyingi na kufuma kulihitaji jamaa wengi, na kwa hiyo uzio haukuwa mali ya mtu mmoja. Mahali pa kujengea palijulikana kuwa pa ukoo fulani, na haki hiyo ilirithiwa kama shamba linavyorithiwa. Mwenye kutaka kujenga pengine alipaswa kuwafikiria walio juu yake na walio chini yake mtoni, kwa kuwa uzio wa chini ukiziba kabisa, walio juu hukosa. Na ugomvi wa maji ni mbaya kuliko ugomvi wa mpaka wa shamba. Hivyo basi, mto ulikuwa umegawanywa kwa urefu wake kama vile nchi kavu ilivyogawanywa kwa upana wake.

Wanaume walishughulika na uzio, lakini uvuvi wa mafuriko haukuwa wa wanaume peke yao. Maji yalipoanza kurudi mtoni yaliacha madimbwi bondeni, na humo wanawake na watoto waliingia na vikapu. Aidha, samaki hawa hawakuliwa wote siku ile ile. Walipasuliwa, wakaanikwa juani au wakabanikwa juu ya moshi, wakawa ng'onda wa kuwekwa na wa kubadilishana kwa nafaka na majirani waliokaa mbali na maji. Thamani ya jambo hili huonekana tukitazama kalenda ya mkulima. Masika ndiyo majira ya kupanda na kupalilia. Nafaka ya mwaka uliopita imepungua ghalani na mpya bado iko shambani. Ni katika wiki hizo hizo za upungufu ambapo mto ulileta samaki mlangoni.

Waandishi wengi wa wakati wa ukoloni walizitazama njia hizi kama mabaki ya ujima. Haki hutulazimisha kusema kwamba si wote. Mwaka 1958 P. J. P. Whitehead, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi katika Kenya, alichapisha maelezo marefu juu ya njia za kienyeji za kuvua katika mito, na bila maelezo hayo mengi tunayoyajua leo yangepotea. Lakini swali linalotupasa kulijibu ni hili: ikiwa uzio ulikata mto mzima, tena ukawakamata samaki wenye mayai, mbona samaki hawakwisha?

Tusidanganyane kwa kusema kwamba wazee wetu walikuwa watakatifu wasiotamani kitoweo zaidi. Walivua kadiri walivyoweza. Jibu limo katika uzio wenyewe na katika maji. Ningu hupanda zaidi mto unapofurika, na mto uliofurika hauzuiwi na fito. Maji hupanda juu ya uzio, huuzunguka kwa kupitia kingo zilizozama, na mara nyingi huubomoa. Kwa hiyo siku zile ambazo samaki ni wengi kabisa ndizo siku ambazo mtego una nguvu kidogo kabisa. Tena soko lilikuwa na kikomo: samaki aliyekaushwa alikwenda umbali ambao kichwa cha mchukuzi kingeweza kumfikisha. Kwa maneno mengine, kiasi hakikutokana na hotuba wala na amri. Kilikuwa kimefungwa katika chombo, katika kazi na katika majira.

Nyavu za kutega, ambazo wavuvi wa ziwa letu huziita makila, hazikuwa na kifungo hicho. Mwanzoni zilimwandama ngege, na upungufu wa ngege ndio uliomleta Michael Graham kuchunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 alishauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5, na serikali za kikoloni zikaifanya kanuni. Kipimo hicho kilipatikana kwa kumfikiria ngege. Wavuvi walipoona ngege anazidi kuadimika walitamani macho madogo. Kanuni ikafutwa katika Tanganyika na Uganda mwaka 1956, na katika Kenya mwaka 1961. Katika miaka hiyo hiyo zikaja nyavu za nailoni, ambazo haziozi upesi na hazihitaji kukaushwa kila mara kama zile za kitani.

Hapa sasa tulikumbuke lile tuliloliweka akilini. Samaki wanaongoja mvua mbele ya mdomo wa mto wako mahali pamoja, wengi, wamejaa mayai, na maji ya ziwa hayana mkondo wa kubomoa wavu. Mwenye mtumbwi na makila hakuwa na haja ya kungoja mto ufurike. Aliwakuta kabla hawajaanza safari, na safu ya nyavu ikafanya pale ambacho uzio haukuweza kukifanya kamwe: ikaufunga mto hata siku ya mafuriko. Wala hakuhitaji idhini ya ukoo wowote, kwani ziwani hapakuwa na mgao uliofanana na ule wa mtoni. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyoanguka, akautaja utegaji wa nyavu midomoni mwa mito kuwa sababu kubwa, na akaonyesha kwamba katika Nzoia njia za kienyeji zilikuwa zikififia pamoja na samaki. Katika Kagera nako uvuvi wa ningu, uliokuwa umestawi sana, uliporomoka.

Kwa maoni yetu, huo mpangilio wa mambo ndio unaostahili kufundishwa. Si kweli kwamba watu waliuacha uzio kwa kuwa walipata chombo bora. Waliuacha kwa sababu samaki waliacha kuja. Hakuna ukoo utakaosimika nguzo mwezi mzima ili upate mgono mtupu. Mwaka mmoja ukipita bila kujenga, vijana hukosa mwaka mmoja wa kujifunza. Ikipita miaka kumi, anayejua kuchagua fito huwa mzee asiyeweza tena kusimama majini. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, pamoja na ukataji wa misitu na kulimwa kwa mabonde, viliongeza uzito juu ya mzigo uliokwisha kumwelemea ningu.

Hata hivyo hajatoweka. Bado hupanda Mara na Kagera na mito mingine michache, na katika Uganda wataalamu Rutaisire na Booth walitoa taarifa mwaka 2004 kwamba wamefaulu kumfanya atage na kuangua katika matangi, kwa kumdunga dawa ya kuliamsha yai. Wenye mabwawa katika nchi zetu wameanza kumtazama kama samaki wa kufugwa. Lakini ningu wa tangini hutaga kwa sindano, siku yoyote aliyochagua mfugaji. Hangoji maji ya udongo, wala hazihitaji nyasi za bondeni. Shule zilizo karibu na mito tuliyoitaja zina nafasi ya kuuliza, wangali wapo wa kuulizwa, kila ubao, kila fundo na kila pengo la uzio liliitwaje, na ni nani aliyekuwa na haki ya kujenga pale ambapo leo pana daraja.