Eksirei: Kutoka Karema hadi Zama za Leza

Mwaka 1889 tabibu Adrian Atiman aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Utotoni alitekwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadri na kusomeshwa utabibu Malta. Alipoanza kazi hapakuwa na eksirei popote duniani. Ilimbidi mganga aupapase kwa vidole mfupa uliovunjika.

Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hiyo Ujerumani. Siri yake ni nyepesi: elektroni hukimbizwa kwa umeme, hugonga chuma, mionzi ikatoka. Hospitali zetu bado hupiga picha hivyo. Lakini anayetaka kuona umbo la protini huhitaji mionzi mikali mno, nayo hutoka kwenye mitambo ya duara yenye mzingo wa mamia ya mita. Afrika nzima haina hata mmoja; wa jirani, SESAME, ulizinduliwa Jordan mwaka 2017.

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson, wakiwa California, walipendekeza njia ya mkato. Aliyewahi kuona MV Liemba ikipita ataelewa mara moja. Meli huacha mawimbi nyuma yake, na mtumbwi ulio mahali pazuri husukumwa nayo. Hapa meli ni mmweko wa leza, maji ni gesi iliyochanwa elektroni zake, na mtumbwi ni elektroni. Zikisukumwa, elektroni hizo huyumba huku na huko ndani ya wimbi, na kuyumba huko ndiko kunakozaa eksirei.

Leza za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha. Mwaka 1985 Gérard Mourou na mwanafunzi wake Donna Strickland walipata njia ya kuurefusha mmweko, kuukuza, kisha kuubana tena. Wote wawili walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka 2004 Wafaransa walionyesha eksirei za namna hiyo, na mwaka 2006 huko Berkeley elektroni zilifikishwa nguvu ya volti bilioni moja ndani ya sentimita tatu tu. Mitambo ya kawaida ingehitaji makumi ya mita.

Hata hivyo, tusidanganyike na wanaosema mtambo huu unakaa mezani. Kinachokaa mezani ni kile kijibomba cha gesi; leza yenyewe, tena ile kubwa, hujaza ukumbi, na haivumilii vumbi, joto wala umeme wa kukatikakatika. Mgonjwa wa kifua wa Kapalamsenga, katika wilaya moja na Karema, kwa sasa anahitaji mashine ya Röntgen, fundi wake na umeme wa uhakika.