Gesi ya kupikia: Sifa zake na tabia yake katika joto la Bulla Pesa

GESI ya kupikia inayouzwa kwa mitungi mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, kama kwingineko nchini Kenya, ni mchanganyiko wa haidrokaboni mbili: propani na butani. Zote hupatikana mafuta ghafi yanaposafishwa au gesi asilia inapochakatwa.

Ndani ya mtungi, bidhaa hii kwa sehemu kubwa si gesi bali ni kiowevu, na juu yake pana mvuke. Propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri, kipimo cha Selsiasi, ilhali butani huchemka karibu na sifuri. Ni shinikizo la mtungi linalozizuia kugeuka mvuke zote. Faida ya kuzihifadhi hivyo ni nafasi, kwani lita moja ya kiowevu cha propani hutoa takriban lita 270 za gesi.

Mpishi wa Nyahururu, penye baridi ya alfajiri, huenda akaona mwali ukififia mtungi unapokaribia kwisha, kwa sababu propani hutangulia kutoka na butani inayosalia huwa na msukumo hafifu. Isiolo, mji ulio katika kimo cha takriban mita 1,100 na ambako joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 30, tatizo ni kinyume. Shinikizo la propani tupu ni kama baa 8 katika nyuzi 20, nalo hukaribia baa 14 katika nyuzi 40. Mtungi halali umeundwa kustahimili zaidi ya hayo, lakini kuuanika juani au kuuweka ubavuni mwa jiko la makaa ni kuujaribu bure.

Kiowevu nacho hutanuka kinapopata joto, tena mno kuliko maji. Ndiyo maana mtungi hujazwa hadi takriban asilimia 80 au 85 tu ya ujazo wake. Nafasi hiyo si wizi wa muuzaji, jinsi baadhi ya wateja wanavyodhani. Wizi, ukiwapo, huonekana kwenye mizani. Anayejaza mitungi kwa siri uani hana hakika kwamba hajavuka kiwango, na mtungi uliojaa kiowevu pomoni, bila nafasi ya mvuke, unaweza kupasuka ukipata joto.

Propani ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, na butani mara 2 hivi. Kwa hivyo gesi inayovuja haipai darini bali hutambaa sakafuni, chini ya kitanda na hadi kwenye mtaro. Huwaka ikiwa takriban asilimia 2 hadi 9 ya hewa. Asilimia 2 ni kidogo kuliko inavyodhaniwa: kilo moja iliyovuja na kuenea sawasawa yatosha kukifikisha kiwango hicho chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 3. Kwa asili gesi hii haina harufu. Ule uvundo huongezwa makusudi ili uvujaji utambulike. Ukisikika, mtungi hufungwa, milango ikafunguliwa, na swichi ya taa isiguswe, iwe ni kuwasha au kuzima.

Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu waliangamia na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo.

Kwa mnunuzi, kutikisa mtungi hakufai kitu, na hata kipimo cha shinikizo hakisemi kiasi kilichobaki, kwani mvuke husukuma maadamu kiowevu kipo. Njia ya hakika ni kupima uzito na kutoa ule wa mtungi mtupu, uliochapwa juu yake. Umande unaotokea ubavuni mwa mtungi wakati wa kupika kwa muda mrefu si dalili ya ubovu: kiowevu hunyonya joto kinapogeuka mvuke.

Kilo moja ya gesi hutoa takriban megajuli 46, sawa na uniti 13 hivi za umeme. Kwa kuwa maji huchemka katika nyuzi 96 hivi katika kimo cha Isiolo, maharagwe huchukua muda zaidi kuiva huko kuliko Mombasa.