Dhahabu na Miti ya Knysna

Katika pwani ya kusini ya Afrika Kusini, baina ya milima ya Outeniqua na bahari, uko mji wa Knysna. Mji huu una sifa mbili: samani zitengenezwazo kwa mikono kwa miti ya msitu wake, na dhahabu iliyogunduliwa karibu nao katika karne ya 19. Wageni hupenda zaidi kusikia habari za dhahabu, kwani dhahabu ina kishindo. Lakini mwenye kuichunguza historia ya mahali hapo pamoja na lugha yake ataona ya kwamba dhahabu ilipita upesi, na kwamba mti ndio uliojenga mji. Tena ataona kuwa waliokata miti hiyo wamehifadhiwa katika maneno kuliko walivyohifadhiwa katika masimulizi ya dhahabu.

Mwaka 1876 mkulima mmoja, James Hooper, aliokota kipande cha dhahabu katika mto Karatara. Kwa miaka kadhaa watu wakatafuta hapa na pale, hata ilipofika 1886 wachimbaji wakamiminika msituni, na mji wa Millwood ukazuka, wenye hoteli zake, maduka, benki na magazeti. Mwaka ule ule dhahabu nyingi mno ikagunduliwa Witwatersrand, na ile ya Millwood ilikuwa haba na ngumu kupatikana. Haukupita muda mrefu, wengi wakafunga mizigo yao. Hata baadhi ya nyumba za mbao zilihama: zilifumuliwa, zikachukuliwa Knysna na kusimamishwa upya. Mojawapo, Millwood House, sasa ni nyumba ya makumbusho. Azuruye Millwood leo huona makaburi, mashine kuukuu na mashimo ya machimbo. Chimbo moja huitwa Bendigo, jina lililoletwa kutoka mji wa dhahabu wa Australia. Wachimbaji walikuja na majina ya kwingine, kama watu wasiokusudia kukaa.

Majina ya miti ni habari nyingine. Mti ulio bora kwa samani huitwa kwa Kiafrikana stinkhout, maana yake mti unaonuka. Mbao zake ni ngumu, zenye rangi ya kahawia iliyokoza, pengine hukaribia weusi, na zikipigwa msasa hung'aa sana. Wa pili ni geelhout, mti wa manjano. Maseremala wa Rasi waliichanganya miti hii miwili, cheusi kikiutangaza umanjano, katika makabati, meza, na viti vyenye makalio yaliyosukwa kwa kanda za ngozi. Mti wa tatu, assegaaihout, ulifaa kwa njiti za magurudumu ya magari ya ng'ombe. Neno assegaai lina asili ya Kiberiberi, likapita katika Kiarabu na Kireno, na maana yake ni mkuki.

Hebu tulitazame jina la stinkhout. Harufu ya mti huu ni kali pale tu unapokuwa mbichi, umekatwa sasa hivi. Kabati lililokwisha kukauka halinuki kitu, wala tajiri aliyelinunua hakuwa na sababu ya kuliita hivyo. Basi jina hili ni la mwenye shoka, aliyesimama penye kisiki. Mnunuzi alilipokea jina pamoja na mbao, bila kumjua aliyelitoa.

Mtu huyo hali yake ilikuwa dhiki. Wakata miti wa Knysna waliishi msituni na jamaa zao, wakiangusha magogo na kuyapasua, kisha wakiyauza kwa wafanya biashara waliowalipa mara nyingi kwa bidhaa za duka. Nalo deni halikwisha. Mwaka 1939 serikali iliwaondolea haki ya kukata miti, ikawapa malipo ya uzeeni ya pauni 25 kwa mwaka. Kwa upande wa msitu, sheria hiyo ilikuwa na sababu, maana miti ya karne nyingi ilikuwa imekwisha kupungua mno. Kwa upande wao, ilikuwa mwisho wa kazi waliyorithishana baba kwa mwana. Dalene Matthee aliwafanya watu hao kiini cha riwaya yake *Kringe in 'n Bos* ya mwaka 1984, ambamo dhahabu ya Millwood nayo imo. Siku hizi huvunwa miti michache tu, ile iliyoonyesha dalili za kufa, na mbao zake huuzwa kwa mnada. Ndiyo maana samani za Knysna ni ghali.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mkulo wa Usambara ni ndugu wa stinkhout katika jenasi moja ya Ocotea, na podo ya milima yetu ni jamaa ya geelhout. Mkulo nao una harufu yake, ya kafuri, aijuayo vema mpasua mbao. Maneno ya wapasua mbao na maseremala wetu, ya miti, ya viungio na ya zana, mengi hayamo bado katika kamusi. Wenye maneno hayo ni wazee, na mashine zinachukua mahali pao. Knysna yatufundisha kwamba neno laweza kumshuhudia mtu aliyesahauliwa na historia. Lakini sharti neno lenyewe liandikwe kabla mwenyewe hajaondoka.