Haki na Fadhila: Dola na Dini Nchini Urusi Baada ya 1991

Utangulizi

Zama za utawala wa Kikomunisti, waliozichunguza siasa za Moscow kutoka nje waliwatazama zaidi wakubwa: nani amesimama karibu na nani juu ya kaburi la Lenin siku ya gwaride. Mikhail Gorbachev alipojiuzulu tarehe 25 Desemba 1991, njia hiyo haikutosha tena, kwa maana palikuwa na uchaguzi, bunge na mahakama. Hata hivyo wengi waliendelea kumtazama mtu mmoja, Boris Yeltsin. Sisi twapendekeza kuitazama sheria, hasa jinsi inavyomtendea aliye mdogo. Mfano wetu ni sheria za dini.

Mlango uliofunguliwa

Sheria ya Oktoba 1990 iliziruhusu jumuiya za dini kusajiliwa na kufundisha bila kizuizi. Kwa Walutheri hilo halikuwa jambo dogo. Kufikia 1938 hawakubakiwa na usharika wowote uliotambuliwa kisheria. Kanisa lao la Mtakatifu Petro, katika barabara ya Nevsky mjini Leningrad, lilifungwa mwaka 1937, na katika miaka ya 1960 likageuzwa kuwa bwawa la kuogelea. Jengo lilirudishwa kwa waumini, likawekwa wakfu upya mwaka 1997. Bwawa lenyewe lingali chini ya sakafu ya ibada.

Katiba na mizinga

Tarehe 21 Septemba 1993 Yeltsin alilivunja bunge kwa amri. Patriaki Alexy II aliwakaribisha wajumbe wa pande zote mbili katika monasteri ya Danilov ili wapatane, lakini hawakupatana. Tarehe 4 Oktoba vifaru vililipiga mizinga jengo la bunge. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 12 Desemba ilitamka kwamba dola haina dini, na kwamba jumuiya zote za dini ni sawa mbele ya sheria. Maneno hayo ni mema. Lakini katiba hiyohiyo ilimpa rais mamlaka makubwa mno, na haki iliyoandikwa chini ya mwenye nguvu nyingi huhitaji walinzi.

Mlango uliorudishwa

Mnamo Septemba 1997 Yeltsin alitia sahihi sheria mpya ya dini, iliyoungwa mkono na uongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi. Tusiwahukumu kwa haraka. Kanisa hilo lilikuwa limetoka katika mateso ya miaka sabini, na ghafla likawaona wamisionari wa kigeni wakimiminika wakiwa na fedha nyingi. Hata hivyo tuitazame sheria yenyewe. Jumuiya isiyokuwa chini ya chombo kikuu kilichotambuliwa, ikitaka haki kamili, ilipaswa kuthibitisha kwamba imekuwako kwa miaka 15. Maana yake ni kwamba mwaka 1997 ilitakiwa kuonyesha cheti cha tangu 1982, zama za Leonid Brezhnev. Aliyekuwa amejificha kwa ajili ya imani yake alikosa cheti kwa sababu alijificha.

Mjini Moscow, tawi la Jeshi la Wokovu lilinyimwa usajili mwaka 1999, na mahakama za mji zikatoa hoja kwamba jina lake na sare zake ni za kijeshi. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Urusi ilikiuka haki za tawi hilo. Lakini sheria ya 2016 ilibana tena kazi ya umisionari, na mwaka 2022 Urusi ikatoka katika Baraza la Ulaya.

Hitimisho

Twajifunza nini? Kuanguka kwa chama hakujengi utawala wa sheria. Uhuru wa 1990 ulipokewa na wengi kama fadhila ya mtawala, na fadhila hurudishwa mkononi mwa aliyeitoa. Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili, kwa Neno na kwa upanga, wala haifai kuzichanganya. Kanisa linaloomba upanga limzuie jirani limekwisha kukiri kwamba halilitumainii Neno. Basi sisi tunaoandaliwa kuwa wachungaji, tunapozisoma siasa za taifa lolote, tusiulize kwanza kama Kanisa letu limependelewa. Tuulize kama aliye mdogo kuliko sisi anaweza kufungua mlango wake siku ya ibada bila hofu.