Ekipe tatu za kazi: tofauti ni ya kweli ama ni bahati tu?

Mwisho wa mwezi, katika depo ya kahawa, mkubwa wa kazi anafungua daftari. Ekipe ya kwanza ya wamama wanaochambua kahawa imetoa wastani wa kilo 40 kwa mtu kwa siku, ya pili kilo 44, ya tatu kilo 45. Kwake mambo yameisha: ekipe ya kwanza ni wavivu, primu yao ikatwe. Mjumbe wa wafanyakazi anakataa, lakini hana cha kuonyesha isipokuwa maneno. Depo hii ni ya mfano, ila mabishano yenyewe yanajulikana katika kazi nyingi. Na iko hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya swali la namna hii.

Inaitwa uchanganuzi wa variansi, kwa kifupi anova. Aliyeianzisha ni Mwingereza Ronald Fisher, ambaye mwaka wa 1919 aliingia kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akakuta hesabu za mavuno za miaka mingi. Mwaka wa 1925 akatoa kitabu kilichoieneza. Swali lake lilikuwa la shamba: kipande hiki kimezaa zaidi juu ya mbolea, ama ni udongo tu? Wafanyakazi waliwekwa mahali pa viazi na ngano baadaye.

Wazo lenyewe si gumu. Wastani unaficha watu. Tuseme katika ekipe ya kwanza watu watano wametoa kilo 38, 42, 45, 40 na 35. Katika ya pili 44, 50, 39, 47 na 40. Katika ya tatu 41, 52, 46, 37 na 49. Ukiangalia vizuri, yule wa mwisho katika ekipe ya tatu, mwenye 37, anapitwa na watu wanne wa ekipe inayoitwa ya wavivu. Ni kusema, ndani ya kila ekipe watu wanatofautiana sana. Sasa je, tofauti kati ya ekipe na ekipe inapita tofauti hiyo ya ndani? Anova inauliza hilo tu.

Hesabu inaweza kufanywa kwa kalamu. Wastani wa watu wote 15 ni 43. Ekipe ya kwanza iko mbali nao kwa 3, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 2. Kila namba inazidishwa yenyewe kwa yenyewe: 9, 1 na 4, jumla 14. Mara watu 5 wa kila ekipe, inakuwa 70. Unagawanya kwa 2, yaani ekipe 3 toa 1, unapata 35. Hiyo ni tofauti ya kati. Kwa tofauti ya ndani, kila mtu analinganishwa na wastani wa ekipe yake kwa njia ile ile: 58, 86 na 146, jumla 290. Unagawanya kwa 12, yaani watu 15 toa ekipe 3, unapata karibu 24,2. Halafu 35 gawanya kwa 24,2 ni 1,45. Namba hiyo ya mwisho inaitwa F, kwa heshima ya Fisher.

Kwa ekipe tatu za watu watano, jedwali la takwimu linasema F ingepaswa kupita 3,89. Kama ekipe zote kwa kweli ziko sawa, bahati peke yake inaivusha F hapo mara 5 tu katika 100. Hapa 1,45 haifiki hata nusu. Mkubwa wa kazi hana ushahidi wa kukata primu.

Lakini chukua wastani ule ule, 40, 44 na 45, na watu wanaokaribiana: 39, 40, 41, 40, 40 kwa ekipe ya kwanza, na zile mbili nyingine vilevile. Tofauti ya ndani inashuka mpaka 0,5, na F inaruka mpaka 70. Hapo mjumbe hawezi tena kusema ni bahati.

Wengine wanapenda kulinganisha ekipe mbili mbili. Ni mtego. Ukikubali kukosea mara 5 katika 100 kwa kila pambano, ekipe tano zina mapambano 10, na hatari ya kumshitaki mtu bure inapanda mbali kupita 5 katika 100. Ndiyo maana anova inatangulia. Ikionyesha tofauti iko, njo kunafuata jaribio la Tukey, kwa kutafuta ni ekipe gani hasa.

Masharti yako. Kila namba iwe ya mtu wake: kilo za mama mmoja za siku tano si sawa na kilo za wamama watano. Ekipe zitawanyike karibu sawa. Kwa mishahara, ambapo wakubwa wachache wanavuta wastani juu, wengi wanachagua jaribio la Kruskal na Wallis, linalotumia nafasi za watu, wa kwanza mpaka wa mwisho, kuliko pesa zenyewe. Tena, F ndogo haisemi kwamba ekipe ziko sawa; kwa watu watano watano, tofauti ya kweli inaweza kujificha.

Na F kubwa haisemi sababu. Fisher alipiga kura kujua kipande gani kipate mbolea gani. Katika depo hakuna anayepiga kura: pengine ekipe ya kwanza inapewa magunia yenye punje mbovu nyingi, ama inakaa upande usio na mwangaza. Kwa hiyo mjumbe akiitwa tena ofisini, aombe kwanza kilo za kila mtu, halafu aulize nani anagawa magunia.