Tundu la Katikati: Kipunguza Maganda cha Mkono na Marekebisho Yake nchini Marekani

Ganda la risasi hurefuka kadiri linavyotumiwa. Msukumo wa gesi, na baadaye kalibu inayolirudisha ganda katika umbo lake, huisukuma shaba kuelekea shingoni. Ganda la .30-06 halitakiwi kuzidi milimita 63.35. Likizidi, shingo hugota mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Hivyo, kwa anayejaza risasi nyumbani, kupunguza ganda ni suala la usalama wa macho na mikono yake.

Chimbuko la chombo kinachofanya kazi hiyo limo katika fataki. Mwaka 1866 Hiram Berdan, Mmarekani, na Edward Boxer wa Uingereza walisajili miundo miwili tofauti. Katika muundo wa Berdan, kifuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na moto hupenya kwa vitundu viwili vya pembeni. Boxer alikiweka kifuawe ndani ya fataki, akaacha tundu moja katikati ya kitako. Ajabu ni kwamba Ulaya ilikumbatia muundo wa Mmarekani, na Marekani ule wa Mwingereza. Kwa tundu hilo, sindano iliyonyooka iliweza kuing'oa fataki iliyokwisha kutumika, na ujazaji wa nyumbani ukawa kazi nyepesi. John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884, akiuza vifaa vya mkono vya kazi hiyo.

Richard Lee alipoanza kuuza seti yake ya bei nafuu mwaka 1958, ujazaji ulihitaji nyundo tu na meza imara. Kipunguza maganda cha kampuni yake kilifuata unyenyekevu huohuo: sindano ya chuma huingia shingoni, hupenya tundu la fataki na kugota kwenye kishikio cha kitako. Hapo kisu hukoma kukata. Kipimo kimo ndani ya sindano. Mkono huzungusha tu.

Kwa sababu hiyo watumiaji walikirekebisha bila woga. Wengine walikipachika kisu kwenye mpini wa mbao ili kiganja kisichoke. Wengine walikifunga kishikio kwenye drili ya umeme. Marekebisho hayo yaligusa nguvu, si kipimo. Kuipunguza ncha ya sindano kwa tupa ni jambo la aina nyingine kabisa: kila ganda litakalofuata litakuwa fupi zaidi, na chuma kilicholiwa na tupa hakirudi.

Maganda ya Berdan yalibaki nje ya mageuzi haya, kwa kuwa katikati ya kitako chake hamna pa kupitisha sindano. Aliyetaka kuyapunguza alihitaji chombo kama cha L.E. Wilson, kinacholishika ganda kwa kiwiliwili chake na kulipima kutoka nje.